Tom Mboya: Bwana afya aliyewafunza Wakenya kutoa kwa mpango

Kutoka mjini Sori, kwenye ghuba ya Karungu, barabara hufuata mwambao wa Ziwa Victoria kuelekea kaskazini. Hutoka Kaunti ya Migori na kuingia Homa Bay, ikapita Magunga na Sindo hadi Mbita. Ukivuka daraja la Mbita unafika katika kisiwa cha Rusinga, na huko Kasawanga kuna kaburi lililojengewa jumba lenye umbo la risasi. Humo amezikwa Thomas Joseph Odhiambo Mboya, aliyepigwa risasi jijini Nairobi Jumamosi ya Julai 5, 1969, akiwa na umri wa miaka 38.

Umbo la jumba hilo limefanya watu wengi wamkumbuke kwa kifo chake kuliko maisha yake. Kila Julai maswali huwa ni yale yale: nani alimtuma muuaji, na kwa nini. Maswali hayo ni ya haki. Hata hivyo, yamefunika jambo ambalo wakazi wa mwambao huu, kuanzia Rusinga hadi Sori na Muhuru, wangefaidika kulifahamu zaidi. Kabla ya kuwa waziri, kabla ya kuwa mbunge, na hata kabla ya kuwa kiongozi wa wafanyakazi, Mboya alikuwa bwana afya. Na kazi iliyompa sifa kubwa zaidi ulimwenguni ilitekelezwa, kwa sehemu kubwa, na watu ambao hawakulipwa hata senti moja.

Alizaliwa Agosti 15, 1930, mbali na ziwa, katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo karibu na Thika. Shamba hilo lilikuwa mali ya walowezi, na baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa nyapara wa vibarua. Wazazi wake walikuwa wenyeji wa Rusinga, wa jamii ya Wasuba ambao kwa vizazi vingi wamezungumza Kijaluo. Mtoto huyo alikulia miongoni mwa vibarua wa makabila mbalimbali, akajifunza lugha zao pamoja na Kiswahili. Baadaye, wanasiasa wengi wa rika lake walipohitaji wakalimani katika mikutano ya Nairobi, yeye hakuwahitaji.

Masomo yake yalitegemea mfuko wa baba. Alianza katika shule ya misheni ya Kabaa huko Ukambani, akaenda St Mary's Yala, kisha Mang'u. Alipofika mwisho wa ngazi ya kwanza ya sekondari, mfuko ulikuwa umekwisha. Kulikuwa na wadogo zake wa kusomeshwa, na mshahara wa nyapara haukuweza kuwabeba wote. Akatafuta mafunzo ambayo mwanafunzi hupewa posho badala ya kutozwa karo, akayapata katika Shule ya Jeanes, Kabete, mwaka 1948. Kozi ilikuwa ya ukaguzi wa afya.

Jambo hilo linafaa kuwekwa akilini, kwa maana ndilo linaloeleza mengi yaliyofuata. Huyu hakuwa kijana aliyefeli mtihani. Alikuwa kijana mwenye akili nyingi ambaye mlango ulifungwa mbele yake kwa kukosa shilingi chache, na hakukuwa na chama, kamati wala mfuko wa kijiji wa kumshika mkono.

Mwaka 1951 aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Kazi ya bwana afya ilikuwa kukagua vyoo, masoko, mikahawa, maziwa na maji, na kuwaeleza watu kwa nini uchafu huua. Ni kazi ya miguu na ya subira. Anayeifanya hupita mlango hadi mlango, hupokewa kwa tabasamu hapa na kwa matusi pale, na matokeo yake hayaonekani, kwa sababu mtoto ambaye hakupatwa na kipindupindu hahesabiwi mahali popote.

Humo ndimo alimoujua ubaguzi kwa karibu. Mkaguzi wa Kiafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu mwenye kazi iyo hiyo. Kisa kimoja alikisimulia mwenyewe baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1963. Siku moja akiwa peke yake katika maabara ya baraza, mwanamke Mzungu aliingia na chupa ya maziwa ya kupimwa, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama kulikuwa na mtu yeyote. Mboya alikuwa amesimama mbele yake.

Wengine wangemeza uchungu huo na kusubiri mwisho wa mwezi. Yeye alikifufua chama cha wafanyakazi Waafrika wa baraza, ambacho hadi wakati huo kilikuwa zaidi cha kunywea chai, akakigeuza kuwa Chama cha Wafanyakazi wa Serikali za Mitaa. Alikuwa bado mwajiriwa wa baraza, na shughuli za chama zilikuwa za baada ya saa za kazi. Aliandikisha wanachama na kukusanya ada zao ndogo, akaweka hesabu na kuandika barua za malalamiko kwa wakubwa. Kufikia mwaka 1953 waajiri wake walikuwa wamemchoka, naye akaachana nao.

Mwaka huo huo akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, akiwa na umri wa miaka 23 pekee. Ulikuwa wakati wa hali ya hatari. Vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku na viongozi wao wamefungwa. Mnamo Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, makumi ya maelfu ya wakazi wa Nairobi walikamatwa na kupelekwa kizuizini, wengi wao wakiwa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Shirikisho la Mboya likawa mojawapo ya sauti chache za Waafrika zilizobaki za kupinga hadharani. Mwezi Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, ndiye aliyesimama kati yao na waajiri, na shauri likaishia katika nyongeza ya mishahara.

Ili kuuelewa uwezo wake huo, lazima kurudi kidogo nyuma, kwenye desturi ambazo hazikuanzishwa na serikali yoyote. Waluo wana saga, kazi ya pamoja ambapo majirani hukusanyika kulima shamba la mmoja wao au kumjengea nyumba, naye huwalisha. Wakikuyu wana ngwatio na Wakamba wana mwethya. Mgeni akiitazama desturi hiyo huiona kama ukarimu mtupu. Mwenyeji anajua kwamba saga ina hesabu yake. Kila mtu anafahamu ni zamu ya nani, nani hakufika juzi, na chakula kilitosha au hakikutosha. Ndiyo maana hudumu.

Mjini hali ilikuwa tofauti. Kibarua wa Pumwani hakumjua jirani yake, wala hakuwa na hakika kwamba akitoa leo atapewa kesho. Alichokifanya Mboya katika vyama vya wafanyakazi kilikuwa kuihamisha hesabu ya saga kutoka kijijini na kuiweka kwenye daftari. Kadi ya uanachama, risiti ya ada, mkutano wa mwaka na katibu anayeweza kuulizwa maswali viliwawezesha watu wasiojuana kuaminiana. Ni jambo la kawaida sana siku hizi, kiasi kwamba hakuna anayelifikiria. Katika Nairobi ya mwaka 1953, ambako mkusanyiko wowote wa Waafrika ulitiliwa shaka na polisi, lilikuwa jambo la ujasiri.

Mwaka 1955 alikwenda kusoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford, Uingereza, kwa ufadhili. Mwaka uliofuata alizuru Marekani kwa mara ya kwanza, akakutana na mfanyabiashara William Scheinman, aliyekuwa akiuza vipuri vya ndege. Urafiki wao ndio ulioleta safari za wanafunzi ambazo Wakenya wengi wamezisikia kwa jina la airlift.

Hali ya elimu ya juu wakati huo ilikuwa ya kusikitisha. Afrika Mashariki yote ilitegemea Makerere, nchini Uganda, kwa shahada, nacho Chuo cha Kifalme cha Ufundi cha Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1956, hakikuwa kikizitoa bado. Nafasi za Uingereza zilikuwa haba na zikachujwa na serikali ya kikoloni. Uhuru ulikuwa unakaribia, na nchi haikuwa na wahandisi, wahasibu, madaktari wala wahadhiri wa kuipokea. Vyuo vya Marekani vilikuwa tayari kuwapokea vijana wa Kenya na hata kuwasamehe karo. Kikwazo kilikuwa nauli. Tiketi ya ndege ya kwenda New York ilizidi kipato ambacho familia ya kawaida ingepata kwa miaka.

Mwanzoni Scheinman alimlipia mwanafunzi mmoja mmoja kutoka mfukoni mwake. Mboya aliona kwamba kwa njia hiyo wangeishia kuwasaidia wachache, na wale wachache wangekuwa wale wanaofahamiana na mtu. Kwa hiyo, alipozuru Marekani tena mwaka 1959, akiwa sasa mbunge wa Nairobi na mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika yote uliofanyika Accra mwaka 1958, alihutubia vyuo, makanisa na vyama vya wafanyakazi karibu kila siku. Kila alikokwenda aliomba nafasi za masomo badala ya pesa za chama. Kwa nauli, wakfu uliundwa wenye kazi moja, kukodi ndege nzima. Mchezaji besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia saini barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Maelfu walichanga, wengi wao viwango vidogo.

Hiyo ni nusu ya habari, na ndiyo nusu inayosimuliwa sana kwa sababu ina majina makubwa. Nusu ya pili ilitokea Kenya. Mwanafunzi aliyepata nafasi na kiti cha ndege bado alihitaji pesa za matumizi, nguo za baridi na chochote cha kumvusha miezi ya kwanza. Hapo ndipo vijiji vilipoingia. Palifanyika karamu za chai, dansi na mikutano ya michango katika sehemu mbalimbali za nchi. Familia ziliuza ng'ombe na mbuzi. Watu ambao hawakuwa na mtoto aliyesafiri, na ambao hawakujua Marekani iko upande gani, walitoa shilingi yao, kwa sababu kijana wa lokesheni yao alikuwa anakwenda.

Mboya, pamoja na Julius Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, ambao wote wawili walikuwa wamesoma Marekani, waliyapitia maombi na kuchagua. Hawakuwa na wizara wala bajeti ya serikali. Ndege ya kwanza iliondoka Nairobi Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81. Miongoni mwao alikuwamo Pamela Odede, ambaye Mboya alimwoa Januari 1962.

Serikali ya kikoloni haikufurahi. Ilisema vyuo hivyo vya Marekani ni hafifu, na kwamba vijana wangekwama ugenini bila fedha. Kuhusu vyuo ilikosea. Kuhusu fedha haikukosea kabisa. Baadhi ya wanafunzi walipata shida kubwa, na wengine waliosha vyombo na kufagia mabweni ili wamalize masomo. Kilichowaokoa wengi ni familia za Wamarekani zilizowakaribisha nyumbani wakati wa likizo bila malipo, na wafanyakazi wachache wa wakfu huko New York waliojibu barua zao moja moja. Wapinzani wa Mboya nyumbani nao walimlaumu kwamba alikuwa akijifunga na Marekani na kujijengea wafuasi kwa nafasi za masomo. Jaramogi Oginga Odinga, mpinzani wake mkuu, alikuwa akipeleka vijana katika nchi za Kikomunisti za Ulaya Mashariki. Ushindani wao uliwatia uchungu wengi katika Nyanza, ingawa ni haki kusema kwamba Kenya ilipata wasomi kutoka pande zote mbili.

Mwaka 1960 wakfu uliishiwa. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa imekataa kusaidia. Mwezi Julai mwaka huo Mboya alikwenda Hyannis Port kumwona Seneta John F. Kennedy, aliyekuwa akiwania urais, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Serikali ya Marekani iliposikia ilibadili nia ghafla, ikataka kutoa kiasi kama hicho, na jambo hilo likageuka mzozo wa kampeni za uchaguzi. Wanafunzi zaidi ya 200 walisafiri mwaka huo. Mmoja alikuwa msichana kutoka Nyeri, Wangari Muta, aliyekwenda kusoma Kansas. Mwaka 1977 msichana huyo, sasa Profesa Wangari Maathai, alianzisha harakati ya Green Belt ya kupanda miti. Akina mama wa vijijini waliitunza miche, na kila mche ulioshika ulilipiwa senti chache. Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel.

Kuna dhana iliyoenea, hasa Nyanza, kwamba babake Rais Barack Obama alisafiri katika ndege ile ya kwanza. Sivyo. Barack Obama Mkubwa alikwenda Hawaii mwaka huo huo wa 1959, lakini kwa msaada wa wanawake wawili Wamarekani waliokuwa wakishughulika na elimu ya kusoma na kuandika Nairobi. Alifahamiana na Mboya, na alikuwa miongoni mwa watu wa mwisho kuzungumza naye siku aliyouawa. Kufikia mwaka 1963, wanafunzi wapatao 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamefaidi mpango huo.

Uhuru ulipokuja, kila kitu kilibadilika, hata maana ya kujitolea. Mzee Jomo Kenyatta aliifanya harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, na nchi ikaitikia kwa ari ambayo ni vigumu kuieleza kwa walio vijana leo. Watu walifyatua matofali, wakabeba mchanga na maji, wakajenga madarasa, zahanati, madaraja ya miti na malambo. Shule za sekondari za harambee ziliota kama uyoga baada ya mvua.

Mboya, kama Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo tangu mwisho wa mwaka 1964, aliliona jambo ambalo halikupendeza kulisema jukwaani. Zahanati ilijengwa, lakini hapakuwa na muuguzi wala dawa. Shule ilifunguliwa, lakini mwalimu hakupatikana. Wananchi walikuwa wametoa jasho lao kwa nia njema, kisha jengo likasimama wazi hadi paa likaporomoka, na mwaka uliofuata walipoitwa tena hawakuja. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, uliotayarishwa chini ya wizara yake, ulisisitiza kwamba juhudi za kujisaidia ziongozwe na zilinganishwe na mipango ya taifa, ili kinachojengwa kipate watu na fedha za kukiendesha.

Wapo waliomwona kama mtu wa mjini anayetaka kuutia minyororo moyo wa wananchi. Lawama hiyo haina uzito mkubwa. Mtu aliyekwama kwa kukosa karo, kisha akaona vijiji vikiuza mifugo ili kijana mmoja asafiri, alijua thamani ya shilingi ya maskini, na hakutaka imwagike.

Lawama nyingine ni nzito zaidi, na inahusu watu wa Sori moja kwa moja. Waraka ule ule ulisema fedha za maendeleo zielekezwe mahali zitakapozaa haraka na kwa wingi, yaani penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha na barabara, na kwamba faida itakayopatikana huko ndiyo itakayosaidia sehemu nyingine baadaye. Mwambao wa ziwa upande huu, kuanzia Karungu hadi Gwassi na Rusinga yenyewe, ni nchi ya jua kali, mawe na mvua ya mashaka. Katika mizani ya waraka huo ilikuwa miongoni mwa sehemu nyingine. Hiyo baadaye ilichukua miongo mingi. Wilaya ya Nyanza Kusini, iliyoanzia Karachuonyo na kufika mpaka wa Tanzania, ilikaa muda mrefu ikiwa na barabara mbovu na hospitali chache, hivyo watu wake walilazimika kujitolea, wapende wasipende, kwa yale ambayo kwingine yalifanywa na serikali. Mwana wa Rusinga aliiandikia nchi nzima mpango ambao kisiwa chake hakikuwa na nafasi nzuri ndani yake. Haijulikani wazi kama alilitazama hivyo, kwani muda wa kuyaona matokeo hakuupata.

Jumamosi ile ya Julai 1969 alikuwa ametoka safari ya Addis Ababa. Adhuhuri aliingia katika duka la dawa la Chhani lililokuwa Government Road, barabara ambayo leo ni Moi Avenue, na alipokuwa akitoka akapigwa risasi. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alishtakiwa na kuhukumiwa kifo, na serikali ikatangaza mwaka huo huo kwamba amenyongwa. Aliyemtuma, kama alikuwapo, hakuwahi kufikishwa mahakamani. Mazishi yaligeuka kilio cha ghadhabu. Waombolezaji walikabiliana na polisi nje ya kanisa la Holy Family jijini, kisha msafara ukapita Nakuru na Kisumu katikati ya umati hadi Rusinga. Oktoba mwaka huo damu ilimwagika Kisumu, na upinzani ukapigwa marufuku.

Harambee iliendelea, lakini ilibadilika taratibu. Kufikia miaka ya themanini ilikuwa imekuwa jukwaa la wanasiasa kushindana kwa bahasha, na mara nyingine machifu wakamkata mwananchi mchango bila kumuuliza. Daftari lilipotea, na pamoja nalo swali la nani alitoa na pesa zilikwenda wapi. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ilijaribu kuwazuia watumishi wa umma kuwashurutisha watu kuchanga. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee.

Kazi ya kujitolea iliyodumu zaidi mwambao huu ni ile isiyo na jukwaa. Kwa miaka mingi, tangu mkakati wa afya ya jamii ulipoanza mwaka 2006, wahudumu wa afya wa kujitolea, wengi wao wanawake, walipita boma hadi boma wakiuliza kuhusu vyoo, maji ya kunywa, vyandarua, wajawazito na dawa za wagonjwa wa Ukimwi. Nyanza Kusini ya zamani ilikuwa miongoni mwa sehemu za Kenya zilizoumizwa zaidi na maradhi hayo, na wahudumu hao ndio waliojua ni nyumba ipi yenye yatima na ni mgonjwa yupi ameacha dawa. Hawakulipwa, au walilipwa mradi fulani ulipokuwapo na kuachwa mradi ulipokwisha. Wengi waliacha, si kwa kukosa moyo, bali kwa sababu mwenye watoto hawezi kutembea siku nzima bila kitu na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Septemba 2023 jina lilibadilishwa. Zaidi ya 100,000 kati yao kote nchini walikabidhiwa mikoba ya vifaa, simu za kuandikia taarifa na ahadi ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, wakaitwa wahamasishaji wa afya ya jamii. Kila mmoja hukadiriwa kuhudumia kaya 100 hivi. Sh5,000 si mshahara, na wanaozipokea wanalijua hilo. Hata hivyo jina la kila mmoja sasa limo katika orodha, na kaya zake zinajulikana.

Mjini Sori, asubuhi omena ikiwa imeanikwa juani na mashua zimevutwa ufuoni, wahamasishaji hao hupanda kutoka ziwani kuelekea vijijini wakiwa na mikoba yao. Wanayoyakagua ni choo, maji na usafi wa jikoni, yale yale ambayo kijana wa Rusinga alifunzwa Kabete mwaka 1948.